Mwenye Nyumba ni Mimi

Sehemu ya Tisa

Kama ndio kwanza unaufungua ukurasa huu, nitakueleza kwa ufupi, maana nafasi niliyopewa na mhariri ni ndogo na hasira niliyo nayo ni kubwa.

Naitwa Linda. Kwetu ni Gachoka, Mbeere, huko ambako jua halina adabu. Nimeolewa na Mutuma, Mmeru wa Igembe kwa damu lakini mtu wa Embu kwa malezi, kwa kuwa mama yake alimbeba mgongoni akaachana na baba yake, akaenda kumlelea Karurumo. Tuna binti wa miaka minne, Kagwiria, na kitoto cha kunyonya, Mutugi.

Ukoo wa Mutuma ulitupa nyumba ya marehemu babu yao, nje kidogo ya mji wa Maua. Nasema walitupa nyumba, lakini walichotupa ni kuta za mawe na popo. Paa lilikuwa limeanguka. Mbuzi wa shemeji yangu Kaimenyi, kaka mkubwa wa Mutuma, walikuwa wanalala sebuleni. Mwaka mzima niliwasimamia mafundi walevi mpaka nyumba ikasimama: mabati mekundu, dari ya jipsamu, taili kuanzia mlangoni mpaka jikoni.

Wiki jana niliwaacha lori likiwa langoni na vyombo vyetu vyote, naye Kaimenyi amesimama katikati ya lango, mikono kifuani, hatupishi.

Sasa sikilizeni.

Kaimenyi alituangalia, akaiangalia nyumba, kisha akatabasamu.

"Karibuni nyumbani," akasema. "Nilikuwa naangalia tu hiyo rangi ya mabati. Imeshika vizuri sana."

Akalifungua lango kwa mikono yake mwenyewe.

Mimi si mtoto. Kaimenyi hajawahi kunifungulia hata chupa ya soda. Mtu huyo akitabasamu, mimi huenda kuhesabu kuku wangu.

"Umeona?" Mutuma akaninong'oneza. "Si nilikuambia Kaimenyi hana shida?"

"Hajaionyesha bado."

"Linda, wewe hata mtu akikusalimia unataka kujua kwa nini."

"Na wewe hata mtu akikukanyaga unamwomba msamaha."

Akanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ambayo Mutuma anaifanya bila kusukumwa.

Majirani walikuja kusaidia. Hilo ndilo jina walilolipa jambo lile. Mto mmoja ulibebwa na wanawake wawili, wakaingia nao vyumba vyote kabla ya kukumbuka kuuweka chini. Mmoja alivua viatu, akagusa taili kwa kidole gumba cha mguu, akaniuliza kama tutakuwa tunazikanyaga au ni za wageni tu. Wakati wa popo hakuna hata mmoja wao aliyeniletea kikombe cha maji.

Aliyenishangaza ni Abdirahim, mwenye lori, ambaye pia ndiye aliyetupangisha vyumba viwili juu ya duka lake mjini kwa miaka yote ile. Alishuka na katoni ya maziwa na sukari.

"Mama Kagwiria, nyumba mpya haiingiwi mkono mtupu," akasema. "Mungu awape amani humu ndani."

Ukoo mzima wa mume wangu, watu wa kanisa, wenye kwaya na sare, hakuna aliyelijua hilo isipokuwa Mwislamu kutoka mjini.

Jioni akaingia ndugu yangu Njuki kutoka Gachoka, gunia la ndengu begani na muguka wa kutafuna mfukoni. Njuki ana moyo mzuri na akili ya likizo. Alisema amekuja kunisaidia kupanga nyumba. Alijipanga yeye mwenyewe kwenye kiti cha veranda, na hapo ndipo alipokaa.

Usiku ule wa kwanza nililia. Sikulia kwa uchungu. Kagwiria alikuwa amelala chumba chake, peke yake, mlango umefungwa, na hakukuwa na mtu juu yetu wala chini yetu anayepiga makofi kwamba mtoto analia. Nilijiapia kwamba hapa sitahama tena. Atakayenitoa humu atanitoa nimelazwa.

Mutuma hufanya kazi Mitunguu, anawauzia wakulima wa ndizi mipira ya kunyunyizia maji, na katikati ya wiki hulala huko huko. Alhamisi hakuwepo. Ndiyo siku wazee walipokuja.

Walikuwa watatu, na Kaimenyi nyuma yao kama mtu aliyepotea njia akaamua kufuata kundi. Mbele alikuwa Mzee Baariu, mkubwa wa ukoo, koti zito la sufu juani, fimbo mkononi.

"Muga," akanisalimu.

"Muga mono. Karibuni ndani, wazee wangu. Ila viatu, tafadhali. Hizo ni taili."

Walivua. Nilileta chai ya maziwa ya Abdirahim. Hakuna aliyeigusa.

"Chai wacha ikae kwanza," akasema Mzee Baariu.

Mzee wa Igembe akikataa chai yenye maziwa, hapo pana jambo. Mimi nilifikiri wanaogopa kuimwaga.

Nilitazama mikono yao. Hakuna sukari, hakuna unga, hakuna hata kitambaa cha meza. Watu wazima wamekuja kuiona nyumba mpya ya mjukuu wao, na kitu pekee walichobeba ni kitita cha miraa, kimefungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Nyumba ina mtoto anayenyonya, wao wanaleta miraa. Nilicheka moyoni.

"Mwenye nyumba yuko?" Mzee Baariu akauliza.

"Mwenye nyumba ni mimi."

Wazee wakatazamana. Kaimenyi akakohoa.

"Shemeji," akasema, "hii ni maneno ya wanaume. Wacha tu tungoje Mutuma arudi."

Angenyamaza, pengine ningewaambia warudi Jumamosi. Lakini mtu ambaye mbuzi wake walikuwa wanakojoa sebuleni kwangu ananifundisha ni maneno ya nani yazungumzwe hapo hapo sebuleni!

"Shemeji, wakati fundi aliacha mabati nusu na mvua inanyesha, wewe ulikuwa wapi? Mutuma alikuwa wapi? Nani alisimama hapa na mimba ya miezi minane? Hakuna maneno ya wanaume kwa nyumba yangu. Kama mmeleta kitu, wekeni hapo."

Mzee Baariu hakukasirika. Alikiweka kile kitita mezani kwa mikono miwili, polepole, mafundo yakiangalia juu.

"Tuko na ombi, mama. Hii inatembea na ombi."

"Ombi mtampigia Mutuma simu, mzee wangu. Huyu mtoto anataka kunyonya."

"Kwa hivyo umepokea?"

"Nimepokea. Asanteni."

"Mbele ya hawa?"

"Mbele ya hawa, na mbele ya kuku wangu pia."

Mzee mmoja alitaka kusema kitu, Mzee Baariu akamgusa goti. Wakainuka. Walivaa viatu vyao nje, wakaenda bila kugeuka. Kaimenyi alikuwa anatazama chini, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nilimtupia Njuki kile kitita kwenye veranda.

"Chukua majani yako. Zawadi ya nyumba kutoka kwa matajiri wa Igembe."

Njuki alikata kamba, akafungua majani ya mgomba, akatoa kijiti kimoja, akakigeuza geuza.

"Sista, hii ni kuni."

"Ni miraa."

"Ni kuni ya kuwasha jiko. Sisi kwetu tunatafuna muguka, majani laini, kama watu. Hawa wanachuna maganda ya mti kama mbuzi wakati wa kiangazi."

"Basi usitafune."

"Sijasema sitatafuna."

Alitafuna. Alitafuna mchana kutwa, akitukana kila kijiti alichokimaliza. Kamba ya mgomba aliitumia kufungia mlango wa banda la kuku.

Ijumaa asubuhi nilisikia panga. Nikatoka. Vijana wawili walikuwa langoni wanachomeka matawi mabichi ardhini, wanayafunga kwenye nguzo zangu. Kaimenyi alikuwa tayari ndani ya nyumba, ndani kabisa, anakunja zulia langu.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Natoa hii isiharibike. Vijana watalala hapa sebuleni, na wale wa kuwaangalia watalala hicho chumba cha Kagwiria."

"Vijana gani?"

"Wa jando. Wetu wa ukoo. Kijana wangu ni mmoja wao. Wanapashwa tohara kesho asubuhi, wakitoka hapo wanakuja moja kwa moja kwa nyumba ya babu."

Nilimwangalia nikingoja acheke. Hakucheka.

"Hii nyumba," akasema, sasa kwa sauti ya kufundisha, "tangu babu aijenge, vijana wa ukoo walikuwa wanaponea hapa. Mimi nilikaa hapa. Baba yangu alikaa hapa. Paa ikaanguka, tukaanza kuwajengea vibanda vya nailoni huko chini kama wakimbizi. Sasa umeturudishia paa. Mungu akubariki."

"Kaimenyi, mimi nina watoto humu."

"Ndio maana mnatoka. Mwanamke hawezi kukaa boma moja na vijana wa jando, hata wewe huko kwenu Mbeere unajua. Mpaka wapone na wafundishwe. Wakitoka Januari, mnarudi."

"Na Desemba ijayo?"

"Ile ingine ikifika, wanaingia wengine. Watoto hawaishi kuzaliwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini lango lilifunguliwa kwa tabasamu. Mtu huyu aliiacha nyumba ioze, akaniacha mimi niijenge, akangoja rangi ikauke. Kila Desemba nitakunja watoto na magodoro nihamie kwa watu, na nyumba itakuwa yangu kwa miezi ambayo wao hawana haja nayo.

"Sitoki," nikasema. "Nani aliwapa ruhusa?"

Kaimenyi aliliweka zulia chini. Aliusubiri huo mstari tangu asubuhi, ninaapa.

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Jana. Mbele ya wazee. Wewe mwenyewe ulikataa tungoje Mutuma. Ile si miraa ya kununua soko, shemeji. Ile ni ncoolo. Mtu akiwa na ombi kubwa anapeleka ncoolo. Hutaki, unaiacha mezani, tunairudia hatuna neno. Ukipokea na itafunwe kwako, umekubali. Mzee Baariu alitaka kukuambia ombi, ukamwambia apige simu."

"Aliyetafuna ni Njuki. Yeye si wa ukoo wenu."

"Alitafunia kwa mlango wa nani?"

Niligeuka nikamtazama Njuki pale verandani. Shavu lilikuwa bado limevimba.

"Sista," akasema, "mimi nilikuambia ni kuni."

Nilimpigia Mutuma. Nilimweleza yote bila kupumua. Alichouliza ni kitu kimoja.

"Imetafunwa yote?"

"Yote."

"Nakuja."

Alifika magharibi. Hakuingia kwa hasira, hakumtafuta Kaimenyi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua soksi, akaanza kuzikunja.

"Ncoolo ikishatafunwa hairudishwi," akasema. "Ukiirudisha ni kama umewatemea wazee mate."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo uende na watoto Gachoka kidogo. Ni mwezi tu, Linda. Mama yako atafurahi kuwaona."

"Mama yangu ana vyumba viwili na mbuzi. Mutuma, kesho simama mbele ya wale watu useme mke wako ni mgeni, hakujua, na nyumba haiwezekani. Useme tu. Mdomo unao."

"Niwaambie mimi?"

"Nani mwingine? Si wewe ndiye mjukuu?"

"Wakianza kuniuliza mambo yao nitajibu nini? Unajua kabisa mimi siwezi kusimama mbele ya hao watu."

Nilijua. Na wewe msomaji lazima ujue, la sivyo hutaelewa kilichotokea kesho yake.

Mutuma hakupitia jando. Alipofika umri huo, mama yake alimpeleka hospitali huko Embu. Alidungwa sindano ya ganzi, akakatwa na daktari, akanunuliwa soda, jioni akalala kitanda chake, nyumbani kwa mama. Hakuimbiwa, hakufundishwa, hakukaa na wenzake. Kwa watu wengi hilo si kitu. Kwa wazee kama Baariu, mtu wa namna hiyo ana kovu lakini hajavuka kuwa mwanaume. Ukoo ulidhani alipashwa tohara na wavulana wa Karurumo kwa utaratibu wa Kiembu, naye akawaacha wadhani hivyo. Aliniambia tulipokuwa tunachumbiana, akaniapisha. Mama yake alikufa na siri hiyo. Nikabaki mimi.

"Basi kwa kuogopa swali moja," nikamwambia, "utawatoa watoto wako nje."

"Ni mwezi mmoja."

"Ni kila mwaka! Kaimenyi ameshasema. Mutuma, wewe ni mwanaume wa aina gani?"

Alilala akiwa ameutazama ukuta niliouchagulia rangi mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kinakoroma.

Jumamosi, jua lilipopanda, tulizisikia nyimbo. Zilikuwa zinatoka mbali, upande wa mtoni, sauti nyingi za wanaume na filimbi. Wazee walitangulia. Walisimama uwanjani, Mzee Baariu katikati, na Kaimenyi pembeni na blanketi mpya mikononi. Wanawake wa jirani walikuwa wameshajiondoa, ila nilijua walikuwa nyuma ya ua wa mibuni, masikio yote nje.

Nilitoka verandani, Mutugi mgongoni kwa leso, Kagwiria ameshika sketi yangu. Mutuma alikuwa kando yangu, macho chini. Njuki alikuwa nyuma yetu.

"Mama Kagwiria," Mzee Baariu akasema, si kwa ubaya, "gari iko wapi? Vijana wako karibu."

"Sijaita gari, mzee wangu. Siendi."

"Ulipokea."

"Nilipokea nikiwa sijui."

"Nilitaka kukuambia, ukaninyamazisha. Mimi ni mzee kuliko baba yako, na ulininyamazisha kwa nyumba ya rafiki yangu, babu ya Mutuma. Nilisema sawa, huyu mama ni mkali, anajua anachofanya."

Kaimenyi akaguna kwa furaha. Mguno ule ndio ulionimaliza.

"Na nani atakaa nao?" nikauliza. "Hao vijana wenu, nani atawalea humu ndani?"

"Mume wako. Mwenye boma ndiye hukaa nao, awafundishe kuwa wanaume. Ni heshima kwake. Mutuma, uko tayari?"

Mutuma alitazama taili za veranda kana kwamba ndizo zilizoulizwa. Nilingoja. Naapa nilimngojea. Neno moja tu la kuzuia nyumba ile isichukuliwe, nami ningenyamaza mpaka kaburini.

"Niko tayari," akasema.

Nilicheka. Nilicheka mpaka Mutugi akaamka.

"Yeye? Awafundishe? Muulizeni alipashwa tohara wapi!"

"Linda," Mutuma akasema, kwa sauti ndogo.

"Muulizeni! Karurumo hakuna mto alimotumbukizwa kabla ya kisu. Alikatwa na daktari hospitalini, akadungwa sindano asisikie, akapewa soda, akarudi kulala kwa mama yake! Hakuna mtu aliyemwimbia hata wimbo wa kanisa. Huyo ndiye mwalimu wenu. Muwekeni basi, awafundishe watoto wenu kunywa soda!"

Wale wanawake nyuma ya ua walisukumana mpaka majani yakatikisika.

Kaimenyi aliangusha blanketi. Nami, niseme ukweli, nilisikia utamu. Nilijua nimewashinda. Hawawezi kuwaingiza vijana wao kwa mtu kama huyo. Wangekusanya fimbo zao na matawi yao, waondoke na aibu yao, na jioni ningelitandika tena zulia langu.

Mzee Baariu alimsogelea Mutuma.

"Ni kweli?"

Mutuma alinitazama. Nilitarajia hasira, na hasira ningeiweza. Alinitazama tu, kama unavyomtazama mtu uliyefikiri unamjua kutoka mbali, ukamkaribia ukaona siye.

"Ni kweli, mzee."

Mzee Baariu akawageukia wenzake, akazungumza Kimeru, polepole, na nilielewa kila neno.

"Basi tulimpa nyumba mwiji."

Mwiji ni mvulana ambaye hajavuka. Mtoto. Niliona wazee wakitikisa vichwa mmoja baada ya mwingine.

"Mzee, ngoja," nikasema. "Mimi nimesema hivyo ili—"

"Wewe umesema ukweli, mama, na mimi nakushukuru. Lakini mwiji hapewi nyumba. Mwiji hana boma. Tulitoa kitu ambacho hakuna mtu wa kukipokea." Alitazama mlango wangu, madirisha yangu, mabati yangu mekundu. "Nyumba inarudi kwa ukoo. Kaimenyi ni mkubwa, yeye ataishika."

"Nimeijenga mimi!"

"Tumeona. Umeijenga vizuri."

"Mimi ni mke wake! Hawa ni watoto wake!"

"Mpaka avuke, mama, wewe ni mgeni wetu tu." Kisha akamgeukia Mutuma, na sauti yake ikalegea. "Kuna njia moja. Hutakatwa tena, hiyo imekwisha. Lakini ingia leo na hawa vijana. Ukae chini na wao, ule na wao, ufundishwe na wao. Wakitoka, unatoka nao ukiwa mtu, na nyumba ni yako. Hakuna mtu atafungua mdomo tena."

Mwanaume mwenye watoto wawili, mwenye ndevu, akae sakafuni na wavulana wa darasa la saba, mtoto wa kaka yake akimwita "mwenzangu". Nilijua ni aibu kubwa kiasi gani. Na bado moyo wangu, Mungu anisamehe, ulipiga kelele: ingia! Ingia, Mutuma, ni mwezi tu!

"Mutuma," nikasema. "Baba Kagwiria. Tafadhali."

Nyimbo zilikuwa zimefika kwenye kona ya barabara.

Mutuma alitoa ufunguo mfukoni. Alishuka ngazi, akamwendea Kaimenyi, akauweka mkononi mwake.

"Chukua," akasema. Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa imenyooka namna ile.

Hata Kaimenyi hakutabasamu. Aliushika ule ufunguo kama umetoka motoni.

Mutuma alirudi mpaka verandani. Nilifikiri anakuja kwangu. Aliinama, akamtoa Kagwiria kwenye sketi yangu kidole kimoja kimoja, akambeba, akageuka. Hakuniambia nibaki. Hakuniambia nije. Alipita katikati ya wazee, akapita kwenye matawi mabichi, akatokea barabarani akiwa na mwanangu begani.

"Njuki!" nikaita. "Mzuie!"

Njuki alinitazama, akazitazama taili za veranda, akaokota viatu vidogo vya Kagwiria pale mlangoni.

"Sista," akasema, "hata mimi ni mwanaume." Akamfuata shemeji yake mbio.

Filimbi zilikuwa langoni. Niliona fimbo zikiinuliwa juu ya ua, nikasikia watu wakiyasogeza matawi. Mwanamke pekee aliyebaki ndani ya boma lile nilikuwa mimi.

"Mama," Mzee Baariu akasema, amenipa mgongo kwa heshima, "wanaingia. Kama unaenda, pitia nyuma sasa hivi."

Nilitazama barabara. Mutuma alikuwa bado anaonekana, na Kagwiria alikuwa amegeuza kichwa, ananitafuta kwa macho. Nilitazama mlango.

Niliingia ndani na Mutugi mgongoni, nikatia komeo.